Namna ya kufuatilia habari za babu aliyekuwa askari wa Mjerumani, Tabora na Kigoma

Familia nyingi za Tabora mjini, Urambo, Sikonge, Ujiji na Kasulu zinamkumbuka mzee wao aliyepigana upande wa Mjerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Kilichobaki mara nyingi ni vipande vya maneno: alikuwa ombasha (cheo cha jeshini), alipigana na Mbelgiji, alirudi kwa treni akiwa mateka. Wajukuu wakitaka kujua zaidi huanza kwa kuuliza babu alipigana wapi. Swali hilo huwachosha bure, maana vita ile ilitembea kutoka Kilimanjaro mpaka Msumbiji, na kombania moja iliweza kupita mikoa sita kwa mwaka. Ulizeni kwanza alikamatwa wapi, lini, na nani. Jibu la hapo ndilo litakaloonyesha nyaraka za kutafuta ziko nchi gani.

Hakuna daftari moja lenye majina ya askari wote wa Mjerumani. Vitabu vya kombania vilibebwa na wapagazi porini, vikapotea au vikachomwa wakati wa kurudi nyuma. Nyaraka za serikali, ambayo wakati wa vita gavana Heinrich Schnee aliihamishia Tabora, zilifukiwa ardhini mji ulipokaribia kuanguka mwaka 1916. Zilifukuliwa baada ya vita, nyingine zikiwa zimeharibika. Na huko Ujerumani kwenyewe, hifadhi ya jeshi la Prussia iliyokuwa Potsdam iliteketea kwa mabomu Aprili 1945. Kwa hiyo anayewaambia kwamba ana orodha kamili ya askari na kwamba kwa ada fulani atawatolea jina la babu yenu, msimpe hata senti.

Anza na wazee, na uulize kwa njia yao

Wengi waliomwona mzee kwa macho ni watoto au wajukuu wake wa kwanza, na umri wao sasa ni mkubwa. Kabla ya kwenda hifadhi yoyote, kaa nao. Mazungumzo ya saa moja yanatosha kwa siku; ukizidisha, mzee anachoka na anaanza kukubali kila unachosema ili akuridhishe. Rekodi kwa simu, lakini omba ruhusa kwanza, na zima mtandao ili simu isiite katikati. Mwanzoni mwa rekodi taja tarehe, mahali na jina la anayezungumza, kwa sababu baada ya miaka mitano sauti zote zitafanana.

Usiulize mwaka. Uliza kwa matukio: mtoto gani alikuwa amezaliwa? Ilikuwa kabla Mbelgiji hajaingia Tabora au baada? Mafua makubwa yalimkuta wapi? Mafua hayo ni yale ya mwishoni mwa 1918, yaliyoua watu wengi sana, na yanatenganisha vizuri waliokuwa wamesharudi nyumbani na waliokuwa bado kambini.

Pia usimtajie mzee jibu. Ukisema "Babu alipigana Tanga, sivyo?" utaambiwa ndiyo, na ndiyo hiyo haina thamani. Sema "Shikamoo babu, tusimulie alivyorudi nyumbani." Kurudi ndiko watu wanakokukumbuka kuliko vita yenyewe: alikuja kwa miguu au kwa treni, peke yake au na wenzake, na bunduki au bila, mgonjwa au mzima, mke aliyekwenda naye yuko au hayuko. Askari wengi walifuatana na wake zao na vijana wa kuwabebea mizigo, hivyo habari za bibi zina uzito uleule. Mara nyingi bibi ndiye aliyejua jina la Mjerumani mkubwa wa kombania.

Njia nne za kutoka vitani

Ukishapata habari za kurudi, zilinganishe na njia hizi. Karibu kila askari aliyenusurika aliyetoka magharibi mwa nchi anaingia katika mojawapo.

Ya kwanza ni kuachana na jeshi wakati Tabora inaanguka. Wabelgiji walitoka pande mbili. Meli Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Kigoma tarehe 26 Julai 1916, na siku mbili baadaye Wabelgiji wakauchukua mji. Kikosi chao kimoja kikafuata reli ya kati kuelekea mashariki, kingine kikashuka kutoka kaskazini, upande wa Biharamulo. Mapambano makali yalikuwa Usoke na Lulanguru upande wa reli, na Itaga upande wa kaskazini. Usiku wa kuamkia 19 Septemba 1916 Jenerali Kurt Wahle aliondoa watu wake, na Wabelgiji wa Jenerali Charles Tombeur wakaingia Tabora asubuhi. Wahle alikuwa anaelekea Iringa, mbali na nyumbani kwa Wanyamwezi na Wamanyema wake, na wengi hawakumfuata. Waliacha bunduki, wakavua nguo za jeshi, wakaenda makwao.

Hapa familia nyingi hunyamaza, kwa kudhani ni aibu. Si aibu. Mtu aliyekuwa na mke na shamba Unyanyembe, ambaye mshahara wake ulikuwa umeanza kulipwa kwa noti za karatasi, alikuwa na sababu zake. Ila kwa mtafiti jambo hili lina uzito mkubwa: aliyeondoka hivi hana karatasi ya mateka popote. Habari zake zitapatikana kwa wazee, misheni na msikitini tu. Ukilijua hili mapema utaokoa nauli ya Dar es Salaam.

Ya pili ni kukamatwa na Wabelgiji, Tabora au karibu nayo. Mateka wengi Waafrika walitumikishwa kama wapagazi. Kumbuka kwamba Wabelgiji waliikabidhi Tabora kwa Waingereza mwaka 1917, lakini Kigoma na Ujiji walikaa nazo mpaka Machi 1921. Kwa hiyo mzee wa Ujiji aliyesema "nilifungwa na Mbelgiji mpaka Mwingereza alipokuja" anaweza kuwa anazungumzia miaka mitano, wakati mzee wa Tabora mwenye maneno hayohayo anazungumzia miezi tu.

Katika njia hii wamo pia watu wa Wintgens, ofisa wa Kijerumani. Mwanzoni mwa 1917 ofisa huyo alijitenga na jeshi kubwa, akageuka kaskazini na mamia ya askari, wengi wao wakiwa wanarudi pande za kwao. Mei 1917, akiwa mgonjwa wa homa, alijisalimisha kwa Wabelgiji si mbali na Tabora. Waliobaki waliendelea na ofisa mwingine, Naumann, mpaka Oktoba mwaka huo, wakazingirwa na Waingereza. Mzee anayesimuliwa kuwa alizunguka nchi nzima, akapita karibu na kwao bila kusimama, kisha akakamatwa kaskazini, mara nyingi ni mtu wa Naumann.

Ya tatu ni kukamatwa na Waingereza kusini, mmoja mmoja au kwa makundi. Kundi kubwa ni la ofisa wa Kijerumani Tafel, lililojisalimisha mwishoni mwa Novemba 1917 karibu na mto Ruvuma kwa njaa baada ya kushindwa kuungana na Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Mjerumani. Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi huliona kama mkanganyiko, kumbe ni ukweli: babu alikuwa wa Mjerumani, halafu picha yake inamwonyesha na nguo za Mwingereza. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha King's African Rifles, KAR, jeshi lao la Afrika Mashariki, kwa kuandikisha askari waliokuwa wa Mjerumani, wengi wakitoka moja kwa moja katika kambi za mateka. Usikatae mojawapo ya habari mbili. Tafuta zote.

Ya nne ni Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini hapo tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, akiwa na askari 1,168 na wapagazi zaidi ya 1,500. Walitembea mpaka Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg, wakapandishwa meli mpaka Kigoma, kisha treni. Wajerumani walipelekwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwao Januari 1919. Askari na wapagazi waliwekwa kambini Tabora. Safari hiyo ndiyo iliyokutana na mafua. Ukisikia "alikuja kwa meli, akashuka Kigoma, akafungwa Tabora kwao mwenyewe", hiyo ni Abercorn bila shaka yoyote. Askari hao waliondoka na hati za mishahara wanayodai, maana walikuwa hawajalipwa muda mrefu. Karatasi ya namna hiyo ikiwa bado ipo kwenye sanduku la familia, ni kitu adimu. Soma sehemu ya kuhifadhi, mwishoni, kabla hujaigusa.

Cheo na kombania

Vyeo vya askari vilirithiwa kutoka jeshi la Misri, na wazee wanavikumbuka vizuri. Kuanzia chini: askari, ombasha, shaushi, betshaushi, soli, na juu kabisa efendi. Efendi walikuwa wachache mno, kwa hiyo kila ukoo unaodai efendi upime vizuri. Kwenye picha, tazama mkono wa kushoto juu ya kiwiko: mstari mmoja mwekundu uliopinda ni ombasha, miwili shaushi, mitatu betshaushi. Askari wa kawaida wa Kiafrika alilipwa rupia 20 kwa mwezi mwanzoni mwa vita.

Mwaka 1914 kulikuwa na kombania 14, zenye askari kama 2,500 kwa jumla. Ya 6 ilikuwa Ujiji, ya 8 Tabora, ya 9 Usumbura, ambayo ni Bujumbura ya leo, ya 14 Mwanza. Kosa linalofanywa kila mara ni kudhani kwamba Mnyamwezi lazima alikuwa wa kombania ya 8. Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema waliandikishwa kwa wingi na kutawanywa nchi nzima. Mnyamwezi aliweza kuwa Lindi au Arusha. Tena wakati wa vita jeshi lilipanuka mpaka askari zaidi ya 11,000, na kombania mpya nyingi ziliundwa. Habari inayosaidia ni mahali alipofanyia mafunzo na mahali alipokaa kabla ya vita, kuliko kabila lake.

Mwangalie pia kama alikuwa askari kweli. Rugaruga walipigana bila kuandikishwa kikamilifu, na wapagazi walikuwa wengi kuliko wote. Kuna heshima katika kila kazi hiyo, na mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo wa kilo 25 au 30 mpaka Msumbiji alipata taabu kuliko aliyeshika bunduki. Ukimwandika mpagazi kuwa askari unaipoteza habari yake halisi.

Bunduki nayo inasema kitu. Mwanzoni mwa vita kombania nyingi zilikuwa na bunduki ya mtindo wa 1871, ya risasi moja moja, inayotoa moshi mzito. Moshi huo ulimwonyesha adui mpigaji alipo, na askari walilazimika kuhama baada ya kupiga. Simulizi ya mzee kwamba "ukipiga, unakimbia kando" inatoka hapo, wala si woga.

Vitu vya sandukuni

Picha. Kofia ndiyo ya kutazama kwanza. Askari wa Mjerumani alivaa tarbushi ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na tai wa chuma mbele, mara nyingi na kitambaa cha kufunika shingo. Askari wa Mbelgiji anatambulika kwa tarbushi nyekundu. Askari wa KAR alivaa kofia fupi ya duara. Geuza picha utazame nyuma: muhuri wa mpiga picha una thamani kuliko maandishi ya kalamu ya mjukuu.

Medali. Ikiwa ni ya fedha yenye kichwa cha mfalme George wa Tano, usitazame uso wake. Izungushe polepole usome ukingo. Waingereza waliandika hapo namba, cheo, jina na kikosi. Ukiona herufi kama K. Afr. Rif., umepata namba ya babu katika KAR, na huo ndio ushahidi ulio imara kupita wote utakaoupata.

Sarafu na noti. Tabora ilikuwa na karakana ya reli iliyogongesha sarafu mwaka 1916: heller 5 na heller 20 za shaba (heller ilikuwa senti ya rupia), na ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke. Zina herufi T. Za shaba zilipita mikononi mwa askari wengi na si ajabu kuzikuta. Ya dhahabu ni chache na bandia zake zimejaa. Noti za karatasi zilizoandikwa Interims-Banknote zilichapishwa hapa nchini 1915 na 1916 kwa kukosa fedha. Baada ya vita hazikuwa na thamani. Usizisafishe sarafu kwa ndimu, majivu wala mchanga. Kusugua kunafuta alama ndogo zinazoitambulisha.

Hapa lazima tuseme wazi kuhusu "mali ya Mjerumani". Tabora na Kigoma kuna watu wanaouza ramani za hazina, wanaonunua "rupia yenye nguvu" kwa mamilioni, wanaodai ada ya kuchimba. Ni utapeli, na umeshawaliza watu wengi. Rupia ya kawaida ya Mjerumani ni fedha ya gramu chini kidogo ya 12, basi. Mtu akisikia kwamba mnafuatilia habari za babu askari, atakuja na ramani. Mfungieni mlango.

Tahajia ya majina

Mjerumani aliandika alichosikia kwa herufi zake, na ukitafuta jina kwa Kiswahili cha leo hutalipata. Juma ni Djuma. Shabani ni Schabani. Hamisi ni Hamissi. Chochote chenye ch kinaandikwa tsch. Y inakuwa j, hivyo Unyanyembe ni Unjanjembe. Z inakuwa s, hivyo Unyamwezi ni Unjamwesi. Mwanza ni Muansa. Ujiji ni Udjidji. Mbelgiji aliandika kwa Kifaransa: Djouma, Moussa, Chabani, Oudjidji. Kabla ya kwenda popote, andika jina la babu kwa njia zote tatu kwenye karatasi moja. Kisha ongeza jina lake la nyumbani, maana wengi waliandikishwa kwa jina jipya la jeshini au la dini na kuacha lile la Kinyamwezi au Kiha.

Nyaraka ziko wapi

Misheni za karibu kwanza. Wamisionari wa Afrika, White Fathers, wako Ndala tangu 1896 na Wamoravia Sikonge tangu mwanzo wa karne ya 20. Vitabu vya ubatizo na ndoa vinataja baba, kijiji na mwaka. Nenda na barua ya mtendaji wa kata, mwone paroko au mchungaji, na usiombe kupiga picha kitabu kizima. Omba ukurasa mmoja.

Hifadhi ya Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam, ina mafaili ya serikali ya Kijerumani. Mengi ni ya bunduki, mishahara, kodi na mashauri, yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo huutazama akakwama. Programu ya Transkribus husoma mwandiko huo kutoka kwenye picha ya simu ikiwa picha ni safi na imepigwa kwa wima. Ujerumani, Bundesarchiv iliyoko Berlin ina mafaili ya wizara ya makoloni yenye alama R 1001, na mengi yanasomeka bure mtandaoni. Kwa waliokamatwa na Waingereza na waliohamia KAR, hifadhi ya Kew, London, ina shajara za vita katika WO 95 na barua za Tanganyika katika CO 691. Kwa njia ya Mbelgiji ni Brussels.

Kadi za mateka za Msalaba Mwekundu wa Geneva ziko mtandaoni bure, lakini zinahusu Wazungu zaidi. Zinafaa mkijua jina la ofisa au sajini Mjerumani wa kombania ya babu. Mjerumani aliyekamatwa Tabora na Wabelgiji alipelekwa Ulaya kupitia Kongo. Aliyekamatwa na Mwingereza aliweza kupelekwa Ahmednagar, India, au Misri. Kadi yake ikionyesha tarehe na mahali alipokamatwa, mmepata pia tarehe ya watu wake.

Kutembelea viwanja

Itaga, Lulanguru na Usoke zinafikika kwa bodaboda au basi kutoka Tabora mjini. Mwone mwenyekiti wa kijiji kwanza. Usichimbe. Ganda la risasi ukiliona juu ya ardhi, lipige picha pamoja na sarafu ya shilingi kwa kupima ukubwa, uliache. Kombora au risasi nzima usiiguse hata kama imeoza kwa kutu. Toa taarifa polisi. Boma la Wajerumani Tabora liko chini ya jeshi, kwa hiyo usinyanyue simu hata kwa mbali bila ruhusa.

Kuhifadhi, na kuandika barua ya kwanza

Karatasi ya zamani usiipige laminesheni. Joto la mashine linaunguza wino, na plastiki haitoki tena. Ipige picha karibu na dirisha, mwanga wa asubuhi, bila mmweko, mbele na nyuma. Iweke kwenye bahasha ya karatasi kavu ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, maana mchwa wa Tabora hupanda kutoka sakafuni. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini tu.

Ukiandika kwa hifadhi yoyote, barua isizidi ukurasa mmoja. Taja jina kwa tahajia zote, cheo, mahali alipoishi 1914, njia uliyokadiria kati ya zile nne, na mwaka. Ambatisha picha moja bora, si kumi. Uliza jambo moja: je, kuna orodha ya mateka, ya malipo au ya uandikishaji inayotaja jina hili kwa mwaka huu? Barua inayouliza "habari zozote kuhusu babu yetu" hujibiwa kwa kijitabu cha maelezo ya jumla. Majibu huchukua wiki kadhaa au miezi, kwa hiyo andikeni sehemu mbili kwa wakati mmoja, na nakala ya kila barua ibaki kwa mwanafamilia anayeishi Tabora.